Siku moja maishani mwangu: kuzungusha vifaa vya kusomea kwenye shule za Nakivale

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naishi upande wa Base Camp hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, na kazi yangu ni kuzungusha vifaa vya kusomea kwenye shule za msingi, za ndani ya makazi ya wakimbizi na za wenyeji walio jirani. Watu wakiniona na boksi wananiita mama wa tableti na mimi naitika tu, ingawa ndani ya boksi kuna vitu vya aina mbili, tableti za kawaida za rangi na vile vifaa vyembamba vya skrini ya kijivu ambavyo huku kila mtu anaviita Kindle hata kama kampuni ni nyingine.

Kabla hata sijanawa uso naenda kuangalia chaja. Msimu wa mvua umeingia, jana jua lilijificha toka saa nane mchana na betri ya sola haijajaa. Siku kama hii tableti ndo zinapata chaji kwanza, maana tableti ikiwaka asubuhi, mchana imeshalala, ila Kindle unaiacha wiki nzima na bado iko hai. Ile skrini yake inakula umeme pale tu ukurasa unapobadilika, ukurasa ukishatulia hakuna kinacholiwa tena, na zile za zamani hazina hata taa ndani, unazisoma kwa mwanga wa jua tu, tena jua likiwa kali ndo zinaonekana vizuri zaidi. Kwa shule yenye paneli moja ambayo inachaji na simu za walimu wote, hapo ndo unajua darasa litasoma au halitasoma.

Saa moja asubuhi

Boda imefika. Boksi nalifunga nyuma kwa mipira, kila pakiti iko ndani ya kaveera mbili, mifuko ya plastiki, sababu ya mvua. Kijana wa boda ananiambia dada leo tupite njia ya juu, kule chini ni tope tupu. Sawa, tunapita juu, elfu mbili inaongezeka.

Njiani nakunywa chai kwa mama mmoja Mkongo anayeuza na maandazi pembeni ya barabara. Mwanae yuko P.4, darasa la nne la msingi. Ananiuliza kila nikipita, mwalimu, lini watoto wataruhusiwa kuja nazo nyumbani? Namjibu leo ndo naenda kuongea hiyohiyo, Mungu akipenda.

Saa mbili na nusu

Shule ya kwanza. Vifaa viko ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati la chuma, kufuli mbili, na funguo moja iko kwake nyingine iko kwa mweka hazina ambaye leo ameenda Mbarara. Tunasubiri. Nikaingia kabla sijachoka nikamwambia mzee wangu, naomba tuongee vizuri kuhusu hili kabati.

Na mimi simlaumu, nataka hilo lieleweke. Huyu mzee alisaini karatasi siku vifaa vinakabidhiwa, na kwenye ile karatasi kuna mstari unasema shule ndo itawajibika kwa kifaa chochote kitakachopotea au kuharibika. Sasa mwalimu mwenye mshahara ule, watoto wake wako sekondari, anasoma mstari kama huo, atafanya nini? Atafunga kufuli mbili. Hata mimi ningefunga. Ndo maana naona hii shida haiko kwa walimu, iko kwenye karatasi wanayosainishwa.

Nilimsimulia kitu nilichokiona mwenyewe. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Kuna shule moja ilikuwa na vifaa vya kusomea, vimejaa vitabu, na watoto wako nyumbani hawana hata gazeti la kusoma, lakini vifaa vikabaki kabatini kwa usalama. Shule zilipofunguliwa tukafungua na kabati. Nje vinang'aa, havina hata mkwaruzo. Ukichomeka chaja, kimya. Betri za lithiamu ndivyo zilivyo, ukiiacha imeisha kabisa miezi na miezi inashuka mpaka mahali ambapo haipokei tena chaji, na nyingine zilikuwa zimevimba hadi zimesukuma kava ya nyuma ikafunguka. Vingi vilikufa hivyo. Halafu upande wa pili kulikuwa na mwalimu wa kike aliyebeba vichache nyumbani kwake, vikazunguka kwa watoto wa mtaa wake muda wote ule, vimechubuka, kimoja kimefungwa na raba, na vilikuwa vinawaka. Yaani vilivyolindwa ndo vilikufa na vilivyochezewa ndo vilipona.

Mzee alinyamaza kidogo akauliza, na wizi je? Nikamwambia hofu hiyo ilikuwepo hata Ghana. Mwaka 2010 shirika la Worldreader lilianza majaribio ya vifaa kama hivi kule, mradi ukiitwa iREAD, na kila mtu alifikiri vitaibiwa vyote. Wizi ukawa karibu hakuna. Kilichowapiga ni kuvunjika, karibu asilimia 40 viliharibika, hasa skrini, ni nyingi sana na hawakuficha, ikabidi watafute vifaa na kava zilizo imara zaidi na kufundisha watoto namna ya kuvishika. Kwa hiyo pesa tunayotumia kwa kufuli tungenunulia kava ngumu.

Hakusema ndiyo. Alisema nitafikiri, na mweka hazina alipofika kabati likafunguliwa lote, siyo nusu kama siku nyingine.

Saa tatu na nusu

P.4. Watoto wengi kuliko madawati, kifaa kimoja watoto watatu, wengine wanne. Kwanza kunawa mikono, ndoo iko mlangoni, kisha kukaa, ndo vifaa vinagawiwa. Sheria zangu ni chache, usikalie, usiweke chini ya daftari, usibonyeze skrini kwa kidole gumba ukiwa umeshika kwa mkono mmoja. Hiyo ya tatu ndo inaua nyingi kuliko kuanguka.

Hapa niwaelezee kitu kuhusu lugha. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unasema P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, halafu P.4 ni ya kuvuka kwenda Kiingereza. Lugha ya eneo hapa Isingiro ni Runyankore. Sasa darasa hili lina watoto wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, Wasomali na Wanyankore wenyewe, na wanachoongea pamoja wakicheza mpira ni Kiswahili. Kitabu cha karatasi utanunua cha lugha moja tu, pesa imeisha. Kwenye kifaa naweka hadithi ileile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mtoto anasoma ya Kiswahili akielewa, anarudi ya Kiingereza akijua tayari nini kitatokea. Nyingi nazitoa African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, bure, na leseni yake inakuruhusu kutafsiri na kubadilisha bila kumwomba mtu. Bila kitu kama hicho hii kazi yangu ingekuwa kubeba vioo vitupu tu.

Leo nilishuhudia jambo ambalo nimelifikiria siku nzima. Kuna vifaa viwili nilivitenga kwenye boksi la vibovu, vimepasuka ndani. Ile skrini ya kijivu ikipasuka haizimi, ile sehemu iliyopasuka inaganda na ukurasa wa zamani na mistari myeusi, na sehemu nyingine inaendelea kubadilika kawaida. Kimoja kimeganda chini, kingine kimeganda juu. Wasichana wawili waliokosa kifaa wakaja wakavichukua bila kuniuliza, nikawaacha nione. Wamevilaza sambamba juu ya dawati, wamefungua hadithi ileile, wamelinganisha ukubwa wa maandishi mpaka kurasa zikawa sawasawa, halafu mmoja anasoma nusu ya juu kutoka kwa kifaa chake na mwenzake anapokea nusu ya chini kutoka kwa chake, wanabonyeza kwa pamoja, moja mbili tatu, ukurasa mpya. Mwingine akakosea akaruka kurasa mbili, mwenzake akamwambia dada rudi, fisi bado hajafika kwa sungura. Wakamaliza hadithi nzima! Na mimi kwenye daftari langu vile vifaa nilikuwa nimeviandika havifai.

Nilifuta. Nimeandika vinasoma.

Saa saba mchana

Posho, yaani ugali, na maharage na walimu chini ya mti. Walimu wa P.7 wanataka mitihani ya nyuma ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na hakuna kingine, nimewawekea, siwezi kubishana na watu wenye mtihani mwezi wa kumi na moja. Ila niliwaambia mtoto asiyesoma hadithi ataisoma vipi ile ya kwenye karatasi ya Kiingereza, wakacheka, wanajua.

Saa nane

Shule ya pili, ya wenyeji, mwendo wa nusu saa. Hapa kuna kompyuta ndogo yenye programu ya Kolibri, unapakua masomo mara moja ukiwa na mtandao mzuri, mimi hufanyia mjini Mbarara, halafu tableti zinaunganishwa nayo kwa waifai ya hapohapo darasani bila bando. Ilikuwa haiwaki. Nikadhani imekufa, kumbe mtu alichomoa waya ili achaji simu. Nimechomeka, nimebandika karatasi juu ya soketi, tumeendelea.

Nusu saa nyingine imeishia kwenye matundu ya chaji. Vumbi la huku ni jekundu na laini, linaingia kwenye tundu dogo la chaji linashindiliwa na waya kila siku mpaka waya haufiki ndani, na mtu atakuambia kifaa kimekufa. Njiti ya meno ya mbao, siyo sindano maana sindano inakata vile vyuma vidogo, unakwangua taratibu kifaa kikiwa kimezimwa, unapuliza, basi. Vinne vimefufuka leo hivyo tu. Mwalimu wa sayansi nimemwachia pakiti ya njiti na akanionyesha mwenyewe anavyofanya, ana mkono mzuri kuliko wangu.

Saa kumi na moja jioni

Wakati narudi nikapigiwa simu na yule mwalimu mkuu wa asubuhi. Akasema amekaa na kamati ya wazazi na mwenyekiti wa kijiji, wamekubali watoto wa P.4 na P.5 wachukue vifaa Ijumaa na kurudisha Jumatatu, mzazi aje mwenyewe kutia sahihi, na wazazi wasiojua kuandika watatia dole gumba. Anauliza kama kile kifungu cha kulipa kitamfuata yeye au mzazi. Nikamwambia mzee nipe usiku huu.

Nilimpigia yule mama wa chai palepale. Alipiga vigelegele hadi boda akageuka.

Saa mbili usiku

Ripoti kwa wafadhili, nimeijazia kwenye simu maana laptopu inachaji. Fomu yao inauliza vifaa vizima vingapi, vibovu vingapi, vilivyopotea vingapi. Haina mahali pa kuuliza vimesomwa mara ngapi, kwa hiyo shule ikifungia kila kitu kabatini kwenye hii fomu inaonekana shule bora kuliko zote, na shule ambayo watoto wanasoma hadi skrini inachoka inaonekana ya wazembe. Nimeongeza ukurasa wangu. Nimewaandikia kuhusu wale wasichana wawili na picha nimeweka, mikono na skrini tu bila sura zao. Nimewaandikia pia kuhusu betri za 2022, kwamba kifaa kuharibika kwa kusomwa ni gharama ya kawaida ya kazi hii na iwekwe kwenye bajeti toka mwanzo, kama chaki.

Kwenye sehemu ya mahitaji sikuomba vifaa vipya hata kimoja. Nimeomba kava ngumu, nyaya fupi za kuchajia, betri za kubadilisha kwa vile vinavyofunguka, paneli ya pili kwa shule ya Juru ninayoenda kesho, na barua yenye mhuri wao inayosema mwalimu mkuu hatalipishwa kifaa kilichopasukia mikononi mwa mtoto anayesoma. Hiyo ya barua nimeihamisha juu, iwe namba moja, na nimewaomba jibu kabla ya Ijumaa.