Tulivyoisubiri korona Saint Helena

Ndege ilitua Accra kutia mafuta na hatukuruhusiwa kushuka. Nikabaki dirishani natazama vijana wa uwanjani wakivuta mpira wa mafuta kwenye jua nililolikosa siku nyingi, nikajisemea: haya, mtoto wa Kisauni kule Mombasa, Afrika umefika na hujafika. Ilikuwa mwanzoni mwa 2021. Tulikuwa tumetoka Stansted, Uingereza, kwa ndege ya kukodi, kila mtu na barakoa yake na cheti cha kipimo mkononi. Tulikuwa tunaelekea Saint Helena, kisiwa kilicho chini ya Waingereza huko Atlantiki ya Kusini, karibu kilomita 2,000 kutoka pwani ya Angola na Namibia.

Mimi ni nesi. Majira ya baridi yale nilikuwa wodini Uingereza, na sitaki kuyasimulia sana. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimeshazoea kumshikia mgonjwa simu sikioni ili wanawe wamuage. Ulipotokea mkataba wa miaka miwili Saint Helena niliusaini hata kabla sijatazama ramani. Nilichokuwa nimekishika ni kimoja tu: kisiwa kile hakikuwa na korona.

Kwa nini hakikuwa nayo nilikuja kulielewa polepole. Watu walikuwa kama 4,400. Hospitali ni moja, iko Jamestown. Wazee ni wengi, na kisukari na presha vimeingia karibu kila nyumba. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Afrika Kusini kwa ndege. Sasa piga hesabu mwenyewe: wakihitaji oksijeni watu kadhaa siku moja, umekwisha. Ndege za kawaida za kutoka Johannesburg zilisimama Machi 2020, zikabaki hizo chache za kukodi kupitia Accra, na meli ya mizigo kutoka Cape Town. Mlango wa angani na mlango wa baharini, basi. Nyumba yenye milango miwili unaweza kuisimamia. Ndiyo maana mtu akiniuliza kwa nini Kenya haikufanya kama Saint Helena, huwa namuuliza amewahi kufika mpakani Busia au Malaba asubuhi.

Kutoka uwanjani tulipakiwa kwenye basi moja kwa moja hadi Bradley's, kambi iliyojengwa kwa ajili ya mafundi waliojenga uwanja wa ndege, sasa ikawa ya karantini. Siku 14. Vyumba vya kuunganisha, upepo usiolala, na nje ardhi kavu ya kahawia kama udongo uliochomwa. Chakula kiliwekwa mlangoni, mtu anagonga na kurudi nyuma, ndipo unafungua. Joto la mwili kila siku. Kipimo cha kuingia na kipimo cha kutoka.

Niliwahi kuwaweka wengine karantini, lakini kuwekwa mwenyewe ni jambo jingine. Siku ya tatu nilijikuta nimekaa kitandani saa nne asubuhi na nguo za kulalia, sijanawa uso, nikaogopa. Kilichonisaidia ni sala. Sisemi kwa kujionyesha ucha Mungu. Nasema kwa sababu siku isiyo na kazi, soko wala mgeni inahitaji vigingi vya kuifungia kamba, na mimi vigingi vyangu vitano nilikuwa nimekuja navyo. Tatizo lilikuwa kibla. Mombasa unaelekea kaskazini tu, hata mtoto anajua. Hapa nilimuuliza aliyeleta chakula Makka iko upande gani, akacheka kwa aibu, akasema hata London hana hakika iko upande gani. Dira ya simu ikanionyesha kaskazini mashariki, ambako palikuwa na kabati. Nikalisukuma.

Kosa langu nalo niliungame. Siku ya sita jirani wa chumba cha pili aligonga ukuta, sukari imemwishia. Kwetu mtu haombi sukari akanyimwa. Nikamimina nusu ya yangu kwenye kikombe, nikafungua mlango, nikampa mkononi, tukapiga na domo kidogo. Jioni msimamizi alisimama mbali, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba siku zangu zinaweza kuanza kuhesabiwa upya kutoka moja. Nesi mzima! Nilijifungia na aibu yangu. Siku hazikuanza upya, lakini tangu hapo sikumlaumu tena mtu anayevunja karantini kwa jambo dogo. Karibu kila mara huwa ni sukari.

Siku ya 15 nilitoka. Nilikwenda dukani Jamestown, na mama mmoja mtu mzima, ambaye hatujawahi kuonana, alikuwa amesikia kwamba nesi mpya wa kutoka Kenya ametoka Bradley's. Akaja, akanikumbatia. Bila barakoa. Mwili wangu ulikauka kama mti. Nilizuia pumzi, wallahi, mpaka aliponiachia. Duka lote watu wanaongea, wanacheka, wanapeana mikono, na mimi nimesimama kando ya viazi machozi yananitoka kwa sababu kuna mtu kanishika. Yule mama ndiye aliyekuja kuwa jirani yangu, na ndiye aliyenifundisha plo. Ni wali uliopikwa sufuria moja na nyama na bizari. Sikia jina lake tena: plo. Nikamwambia, mama, hii ni pilau imekatwa ulimi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya chanjo. Dozi za AstraZeneca ziliwasili mwanzoni mwa mwaka huo, na kufikia katikati ya 2021 watu wazima wengi walikuwa wamepata zote mbili. Kazi ya chanjo mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu ni nyepesi: asiyekuja leo, dada yake atakwambia yuko wapi. Virusi havikukosa kubisha hodi. Vilionekana kwa abiria waliokuwa bado karantini, vikaishia humo humo. Nje ya uzio maisha yalikwenda. Harusi, mpira, kupanda Jacob's Ladder, ngazi 699 kutoka mjini hadi juu ya bonde. Mimi nilizipanda mara moja, na magoti yangu hayajasahau.

Gharama ilikuwa upande mwingine. Shangazi yangu, aliyenilea, alifariki Mombasa mwaka 2021, Juni. Kuwahi mazishi haikuwa na haja hata ya kujadili. Kwetu maiti halazwi, huzikwa siku hiyo hiyo. Lakini nilitaka kufika arobaini. Nikakaa na karatasi. Ndege ya kukodi hadi Uingereza, ikipatikana. Uingereza hadi Nairobi. Kurudi, Kenya ilikuwa imeshaingizwa kwenye orodha nyekundu ya Waingereza tangu Aprili, kwa hiyo ningelala siku 10 kwenye hoteli ya karantini kwa pauni 1,750, halafu ndege nyingine, halafu tena Bradley's na upepo wake. Karibu mwezi mzima wa kufungiwa kwa ajili ya hitma ya asubuhi moja. Nikaikunja karatasi.

Nilisoma Yasini kwa simu. Wakati ule intaneti ya kisiwani ilikuwa ya setilaiti na ghali, ila kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi ulitumia bila kuhesabiwa. Kwa hiyo mahaba yangu yote na nyumbani yalipita kabla ya alfajiri. Saa kumi na moja ya kisiwani ni saa mbili asubuhi Mombasa. Dadangu aliegemeza simu kwenye birika la kahawa, nami nikaona kanzu, buibui, na vidole vya watoto vikifunika kamera.

Usiku ule nilimkumbuka Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha usultani Zanzibar Agosti 1896 mpaka mizinga ya Waingereza ikamtoa. Waingereza walipomkamata baadaye, Saint Helena ilikuwa mojawapo ya mahali walipompeleka uhamishoni. Wageni huja kumtafuta Napoleon, mfalme wa Wafaransa aliyefia uhamishoni humu kisiwani, kule Longwood. Mimi nilikuwa namwaza huyu, aliyeijua lugha yangu. Yeye alirudishwa Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Nikajipa moyo: basi hata wa uhamishoni hurudi.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Watu hudhani kazi ngumu ya kisiwa ni kufunga. Kufunga kulikuwa kumefanywa na bahari. Ngumu ilikuwa kufungua. Ndege za Johannesburg zilirudi Machi 2022, na tarehe 8 Agosti 2022 karantini ikaondolewa. Wiki za kabla yake nilikuwa naulizwa swali moja na kila mzee niliyempima presha: "Sista, kwa nini tusikae tu hivi hivi?" Nilikuwa na jibu la kazini: mmechanjwa, mmeongezewa dozi, aina ya kirusi inayozunguka sasa haiui kama ile ya mwanzo, na wanenu walio Uingereza na Cape Town hamjawaona. Ni jibu la kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile ya mwanzo, na mkono wangu uliofunga kanda ya presha kwenye mikono yao haukuwa ukiliamini sana jibu hilo. Nilikuwa nawahesabu. Huyu kisukari, huyu mapafu, huyu figo. Nilikuwa na majina kichwani ya watu niliodhani tutawazika kabla ya Krismasi.

Korona ilipoingia ilikimbia. Nyumba baada ya nyumba, na wafanyakazi wenzetu pia, hivi kwamba ratiba ya zamu ilikuwa inaandikwa kwa penseli. Tulirudi kwenye barakoa na aproni. Wengi tuliwahudumia kwa simu: umekunywa maji, unapumuaje, hesabu mpaka kumi nikusikie. Nilikuwa nasikiliza zile namba kama mtu anayesikiliza mlango. Kufikia mwisho, hesabu ya Shirika la Afya Duniani kwa kisiwa ilipita wagonjwa 2,000, na vifo sifuri. Majina yangu ya kichwani yote yalikuwa hai. Mmoja wao, wa kisukari, alinikaripia kwamba nilimpigia simu wakati wa chakula.

Agosti hiyo hiyo, kule bonde la Rupert's, walizikwa upya Waafrika 325. Mifupa yao ilifukuliwa wakati wa kutengeneza barabara ya uwanja wa ndege. Ni watu waliotolewa kwenye meli za watumwa zilizokamatwa na Waingereza katika karne ya 19, wakashushwa hapo wakiwa wagonjwa, wakafa kwa maelfu. Bonde lile lilikuwa karantini kabla ya karantini yetu. Jamaa zao hawakupata hata simu ya alfajiri.

Mimi korona ilinipata Septemba. Nilikuwa nimeikwepa wodini Uingereza, nikaikwepa kwenye ndege, ikaja kunikuta jikoni kwangu Half Tree Hollow. Kipimo kilitoa mistari miwili nikiwa bado nakoroga chai. Nikapiga simu kazini, nikajifungia. Jioni nikasikia hodi, na nilipofungua palikuwa na sufuria kwenye ngazi, na yule mama amesharudi hadi getini, amesimama mbali kabisa, anapunga mkono. Plo. Alikuwa ametia pilipili nyingi makusudi, kwa kuwa anajua napenda. Nikala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakuna kitu. Si pilipili, si chumvi. Nikamwinulia kidole gumba kupitia dirishani, nikaimaliza yote.