Kofia Moja ya Chuma, Vita Viwili

Mtu akikusanya kofia za chuma za jeshi la Ujerumani kwa muda mrefu, hugundua kwamba chuma chenyewe si adimu sana, kwa kuwa zilitengenezwa kwa mamilioni. Kinachopandisha bei ni rangi ya mabaka iliyopakwa vitani, na kwa bahati mbaya rangi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kughushi.

Mwezi uliopita, hapa Tabora, mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliniletea kofia ndani ya kiroba cha mahindi. Nilipokwisha kumwamkia, akasema: "Mwanangu, hii Mjerumani aliiacha siku alipomkimbia Mbelgiji." Ilikuwa na mabaka ya kijani, manjano ya udongo na kahawia ya kutu, yaliyotenganishwa na mistari myeusi yenye upana wa kidole. Mtindo huo ni wa kweli kabisa, kwani ndio ulioagizwa kwa amri ya Jenerali Ludendorff wa jeshi la Ujerumani, ya Julai 1918. Lakini Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, karibu miaka miwili kabla ya amri hiyo. Zaidi ya hayo, kofia za chuma za kwanza za Ujerumani, zilizobuniwa na Friedrich Schwerd, zilianza kugawiwa kule Verdun, Ufaransa, mwanzoni mwa 1916, wakati ambapo koloni hili la Wajerumani lilikuwa limezingirwa na manowari za Waingereza. Huku kwetu maofisa walivaa kofia za jua, na askari wakavaa tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki.

Nikaigeuza. Kofia ya Vita vya Kwanza vya Dunia huwa na vijipembe viwili ubavuni, vyenye matundu ya hewa, ambavyo pia vilishikilia bamba zito la kukinga paji la uso. Hii haikuwa navyo. Nilipopitisha kidole kwenye ukingo, niliukuta umekatwa ukaachwa wazi, pasipo kukunjwa kwa ndani kama ule wa kofia za 1935. Hiyo ni alama ya toleo la 1942, ambalo ukingo wake uliachwa hivyo ili kupunguza kazi kiwandani. Karibu na tundu la hewa, rangi ya manjano ilikuwa imezama ndani ya vishimo vya kutu. Kutu ilitangulia, rangi ikafuata, na hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Hata mabaka ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi yana sura nyingine: rangi hupulizwa, au huchanganywa na mchanga ili chuma kisimetemete, na wakati wa theluji kofia ilipakwa chokaa.

Mzee hakuwa tapeli. Aliuziwa kofia pamoja na hadithi yake, kama nilivyouziwa mimi ya kwangu ya kwanza, ambayo rangi yake ilinibakia kwenye kitambaa chenye spiriti.

Nilimweleza yote, akacheka, akauliza kama bado ninaitaka. Nikainunua kwa bei ya kofia ya 1942 iliyoharibiwa rangi, nayo sasa ina kikaratasi ndani chenye miaka mitatu: 1916 ya hadithi, 1918 ya mabaka, 1942 ya chuma.