Futi 300 kutoka langoni: sheria za Marekani kuhusu maandamano kwenye mazishi ya askari

Machi 10, 2006, katika mji wa Westminster, Maryland, familia ya Snyder ilikuwa inamzika kijana wao, askari wa kikosi cha Marine aliyefariki Iraq siku saba kabla. Watu saba wa kanisa la Westboro, kutoka Topeka, Kansas, linalohubiri kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuvumilia ushoga, walisimama kando ya barabara na mabango, mojawapo likimshukuru Mungu kwa vifo vya askari. Walikuwa wamewaarifu polisi mapema. Walikaa kwenye kipande cha ardhi ya umma walichoonyeshwa, takriban futi 1,000 kutoka kanisani, yaani mita zaidi ya 300. Walisimama kama nusu saa kabla ya ibada. Hawakupiga kelele wala hawakumgusa mtu.

Hizo futi 1,000 zishike vizuri. Wengi hudhani kwamba sheria zilizotungwa baadaye zilifunga mlango ule. Hazikuufunga. Hata sheria kali ya leo isingewagusa watu wale saba pale waliposimama, na familia inayojiandaa kwa mazishi ya kijeshi ikilijua hilo mapema itapanga siku yake kwa namna nyingine kabisa.

Sheria ya kwanza ya serikali kuu ilisainiwa na Rais George W. Bush Mei 29, 2006. Ilihusu tu makaburi ya taifa na yale ya Arlington, makaburi ya kijeshi karibu na Washington. Ilikataza kelele au vurugu ndani ya futi 150 za njia ya kuingilia, na ikakataza pia kuwazibia watu njia ndani ya futi 300, kuanzia dakika 60 kabla ya mazishi hadi dakika 60 baada yake. Desemba mwaka huohuo ikatungwa nyingine kwa ajili ya mazishi ya askari yanayofanyika kwingineko, kama makanisani au kwenye makaburi ya binafsi. Agosti 6, 2012, Rais Barack Obama alisaini mabadiliko yaliyokaza zote mbili: muda ukawa dakika 120 kabla na 120 baada, umbali wa kelele na vurugu ukawa futi 300 (mita 91), na wa kuzuia njia ukawa futi 500 (mita 152). Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, kutozwa faini, au vyote viwili. Familia nayo inaweza kumshtaki kwa madai, na sheria imeweka kiwango cha fidia kati ya dola 25,000 na 50,000 kwa kila kosa.

Kipimo ndicho kinachowachanganya watu. Zile futi 300 hazihesabiwi kutoka kwenye jeneza, wala kutoka kwenye turubai la wafiwa. Zinahesabiwa kutoka pale mpaka wa eneo la mazishi unapokutana na barabara au njia ya kuingia na kutoka. Makaburi yenye malango matatu yana sehemu tatu za kupimia, na lango la nyuma linalotumiwa na mafundi wa bustani nalo limo. Futi 500 za kuzuia njia, kwa upande wake, zinahesabiwa kutoka mpaka wenyewe. Kwa mazishi yasiyo ya makaburi ya taifa, sheria inagusa pia nyumba ya familia ya karibu ya marehemu: kuwasumbua nyumbani kwao katika muda huo ni kosa.

Saa nazo zihesabiwe kwa uangalifu. Ibada ikianza saa nne asubuhi, ulinzi unaanza saa mbili. Ikimalizika saa tano, unaendelea hadi saa saba mchana. Ibada ikiwa kanisani na maziko kwenye makaburi ya mji wa pili, kila mahali pana kipimo chake. Barabara iliyo katikati haina.

Hapo kwenye barabara ndipo penye pengo kubwa. Majimbo na miji kadhaa yalijaribu kuulinda msafara wenyewe, kwamba popote magari ya mazishi yanapopita, waandamanaji wakae mbali. Mahakama zimelikataa jambo hilo, kwa sababu ukanda unaotembea humfanya mtu ashindwe kujua ni saa ngapi yuko ndani yake. Ohio ilikuwa na kifungu cha namna hiyo. Kikaondolewa, na sehemu iliyobaki, futi 300 na saa moja kabla na baada, ikakubaliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2008. Missouri nayo ilipoteza neno la msafara mwaka 2013, ikabaki na mahali palipotajwa. Mji wa Manchester, Missouri, ulishinda mwaka 2012 kwa sheria ndogo iliyotaja mahali, umbali na saa bila kugusa ujumbe. Nebraska ilishinda mwaka 2017 kwa futi 500. Kentucky ilizuiwa mwaka 2006 kwa sababu ukanda wake wa futi 300 ulikuwa umemeza mambo mengi mno. Kwa hiyo linaloamua zaidi ni kama mtu wa kawaida anaweza kusimama barabarani akajua mstari uko wapi. Wingi wa futi unakuja nyuma ya hilo.

Kisha kuna kesi yenyewe, ile ya madai ambayo baba wa askari aliyezikwa Westminster alilishtaki kanisa la Westboro. Baba wa marehemu alishinda mbele ya juri ya wananchi, akapewa dola milioni 2.9 za fidia na milioni 8 za adhabu. Jaji akapunguza jumla ikawa milioni 5. Mahakama ya rufaa ikafuta yote, na juu yake baba akaamriwa kulipa gharama za rufaa za upande wa pili, dola 16,510. Machi 2, 2011, Mahakama ya Juu ilikubaliana na kanisa kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, Samuel Alito. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba maneno yaligusa mambo ya umma, yalitolewa mahali pa umma, kwa utulivu. Papo hapo alieleza kwamba Maryland na majimbo mengine 43 yalikuwa na sheria za umbali, na kwamba serikali inaweza kuweka mipaka ya wakati, mahali na namna. Ni uamuzi mchungu kwa yeyote aliyewahi kumzika mwanawe. Lakini naona ni sahihi, maana polisi akipewa ruhusa ya kupima maneno ya bango leo, kesho atayapima ya mtu mwingine.

Sasa matayarisho. Zipo familia za Afrika Mashariki zilizoko Marekani zenye vijana jeshini, na afisa anayetumwa na jeshi kuwasaidia wafiwa ndiye wa kuulizwa kwanza: makaburi haya ni ya nani? Jibu linaonyesha ni sheria ipi ya serikali kuu inatumika. Baada ya hapo uliza ya jimbo na ya mji, maana zinaweza kuwa kali zaidi. Wapelekee polisi ramani yenye malango yote yametiwa alama, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wakati wa msiba ratiba huteleza, kwa hiyo awepo mtu mmoja wa kuwapigia polisi ibada inapochelewa. Ardhi ya kanisa ni ya kanisa. Wenyewe wanaweza kumwondoa yeyote bila kusubiri futi yoyote.

Wanaokuja kuitetea familia pia wafungwe na mstari huohuo. Patriot Guard Riders, waendesha pikipiki walioanza mwaka 2005, huja kwa mwaliko wa familia na kusimama na bendera kati ya wafiwa na waandamanaji. Hao wamo ndani ya mazishi. Jirani mwenye hasira anayekuja na kipaza sauti kuwatukana waandamanaji ndani ya futi 300 anaweza kushtakiwa yeye.

Msafara upangiwe njia isiyopita waliko waandamanaji, hata kama itaongeza dakika kumi. Siku ile Westminster msafara ulipita kama futi 200 hadi 300 kutoka kwa wale watu saba. Baba aliona ncha za mabango tu. Maneno yenyewe aliyajua usiku, kwenye taarifa ya habari ya televisheni.