Mia Mbili ya Kisumu

Shangazi alikata tiketi mbili, akakaa dirisha la kushoto. Mimi nikang'ang'ania la kulia. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 2011, saa 12 alfajiri, stendi ya Buzuruga, Mwanza, tukianza safari ya Kisumu, Kenya, na wenzangu walishanipa somo: ukipita Lamadi barabara inagusana na Serengeti, kwa hiyo anayekaa kulia anaona wanyama bila kulipa kiingilio. Ni kweli. Karibu na geti la Ndabaka niliona pundamilia na nyumbu, nikapiga picha kupitia kioo chenye vumbi. Ila gari likitoka Mwanza asubuhi kwenda Mara, jua nalo linatokea upande huohuo. Tangu Kisesa hadi Bunda lilinichoma usoni. Shangazi kule kushoto alikuwa kivulini, upepo wa ziwa unamwingilia, kanga kaivuta hadi shingoni, anakoroma taratibu.

Tuliposhuka kuchimba dawa akanitazama shavu, akacheka.

"Wewe baba unatalii. Mimi nasafiri."

Hakunisimanga. Alikuwa muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na Kisumu alikuwa na mama mwenzake aliyekuwa akimpelekea magunia, wamedaiana na kulipana miaka mingi. Safari hii alifuata fedha za magunia manne, na alitaka kuiona bei kwa macho yake, maana bei ya kwenye simu huwa imetiwa chumvi. Mimi nilikuwa likizo. Nilikuwa na kamera na siku nne.

Maandalizi yake ndiyo yaliyonifungua macho kwanza. Sikuwa na pasipoti, akanihimiza nikate hati ya dharura ya safari. Kisha akanipeleka kuchoma chanjo ya homa ya manjano wiki mbili kabla, kwa sababu ile kadi ya njano haihesabiki mpaka zitimie siku 10 tangu sindano. Anayechoma Jumatano akavuka Ijumaa amebeba karatasi tu. Siku hizi sindano moja ni ya maisha; zama zile ilikuwa ya miaka 10, na wengi walikwama kwa kadi iliyokwisha muda ikiwa kabatini, hawana habari. Zawadi nayo ilizua mjadala. Mimi nilipendekeza kilo tano za mchele. Akaniambia nisubiri nifike Ahero. Yeye alifunga doti mbili za kanga na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

Sirari, mpakani, tulifika mchana. Basi halijasimama vizuri vijana wa pikipiki wameshazingira mlango: "Mama, nakuvusha dakika mbili!" Na wanavusha kweli, kwa njia ya panya, nyuma ya maduka. Ubaya wake hauonekani siku ile. Unaonekana mbele, kwenye kizuizi cha polisi, au siku ya kurudi, afisa anapofunua kurasa asikute muhuri wa kutoka wala wa kuingia. Sisi tulipanga foleni mara mbili, Sirari wa kutoka, Isebania wa kuingia. Kila mara Shangazi hakubanduka dirishani kabla hajasoma tarehe na siku alizoandikiwa. Aliyekosea kugonga anabaki ofisini kwake. Kosa unaondoka nalo wewe.

Halafu wabadilisha fedha. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 17 za kwetu. Mimi nilikuwa nimeshatoa pochi nimesimama katikati ya watu, Shangazi akanivuta mkono tukaketi kwenye benchi la mama ntilie. Akapiga hesabu kwenye simu yake mwenyewe, maana kikokotoo cha kijana kinaweza kuwa na akili zake. Akataka fedha za kijana kwanza. Akazitandaza mapajani noti mojamoja, kwa sababu noti iliyokunjwa katikati ya bunda, ukihesabu kwa kupekua pembe, unaihesabu mara mbili. Kijana alipodai amezidisha, akazichukua tena ili arekebishe, Shangazi alizipokea akaanza kuhesabu upya toka moja. Hapo ndipo wengi hulizwa: zilikuwa sahihi mara ya kwanza, zikarudi mkononi mwake, zikapungua njiani. Mwisho ndiyo akafungua kibindo. Alibadilisha za nauli, chakula na usiku mmoja tu. Zilizobaki angebadilishana na wafanyabiashara wenzake Kisumu, ambao nao walihitaji za kwetu.

Kutoka hapo ni matatu mpaka Migori, nyingine mpaka Kisii, nyingine tena. Stendi inakuwa steji, konda anakuwa makanga. Kwetu ukisema "nipe maji" bila "naomba" unaonekana huna adabu. Kule nilisikia watu wazima wakiambiana "nipe" bila ugomvi wowote, na aliyetaka kuwa mpole alisema "nisaidie maji". Shangazi alibadilisha ulimi palepale Isebania. Mimi niliendelea na "naomba" zangu, na kila nilipofungua mdomo watu waligeuka kutazama. Ahero tulipita jua linashuka, mashamba ya mpunga yametanda huku na huku. Hakuniambia kitu. Alinigusa goti tu.

Alikuwa na sharti moja, mji usio wako uingie kukiwa na mwanga. Tungechelewa Kisii tungelala Kisii. Hatukuchelewa. Mwenyeji alitupokea steji, akamkumbatia Shangazi akimwita "nyar Mwanza", binti wa Mwanza, na usiku ule habari ya deni haikutajwa hata kidogo. Walizungumza misiba, watoto, mvua. Kanga zilifunguliwa zikapimwa kiunoni. Nilidhani wanapoteza muda.

Jumamosi nikajitoa peke yangu kwenda Hippo Point, ufukoni, kutazama viboko. Mwenye mtumbwi akasema "mia mbili". Sasa, sikio la Mwanza mwaka ule likisikia mia mbili lilisikia maandazi mawili. Nikaitikia bila kuzidisha kwa 17, na baya zaidi, bila kuuliza ni bei ya mtumbwi au ya kichwa. Ilikuwa ya kichwa, na mtumbwi ulisubiri vichwa vitano. Nikisema niende peke yangu, vyote ni vyangu: 1,000 ya Kenya, 17,000 ya kwetu. Nilikuwa nimeshapanda. Kiboko hakutokea. Niliona magugu maji yaliyofunga ghuba kama shamba la mboga, na nyuma yake ziwa lilelile ninaloliona kila siku nikishuka Kirumba. Picha ninazo 23.

Shangazi siku hiyo alikuwa wapi? Alikaa. Kwenye kigoda nyuma ya meza ya mwenyeji wake, soko la Kibuye, tangu asubuhi, anasikiliza watu wakinunua. Hakuuliza bei hata mara moja, maana mgeni akiuliza bei anaambiwa ya mgeni. Jioni alijua bei ya rejareja, bei ya jumla, na nani ameleta mzigo kutoka Uganda. Fedha za magunia matatu alishapewa. La nne wakakubaliana litalipwa kwa mzigo ujao, na sababu aliielewa kwa sababu aliiona kwa macho.

Mchana alitoka kidogo tu, akanipeleka Lwang'ni, vibanda vya mabati vilivyokuwa kando ya maji, na jina lenyewe kwa Kijaluo ni nzi. Kule hukuletewa orodha. Ulienda kwenye meza ukamchagua samaki kwa kidole, ukapatana kwa ukubwa wake, ndipo akaingia mafutani. Ukikaa kwanza ukaagiza "samaki", uliletewa yule ambaye wenzako wamemkataa. Nilitaka sato, nikaambiwa ngege. Sangara ni mbuta. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kiwanda kukata minofu, wao wanayaita mgongo wazi, na nadhani wametushinda kwa jina. Kamongo ni kamongo pande zote mbili. Na dagaa, kama kila mtu ajuavyo, ni omena.

Jumapili Kibuye hufurika. Asubuhi mwenyeji alinikabidhi ungo na beseni, akasema, "Mgeni siku mbili," akaenda zake. Kazi ilikuwa kutoa mchanga. Dagaa wetu wengi huanikwa chini ufukweni, na mchanga hunasa wakingali wabichi. Anayeanika kwenye chanja cha wavu hupata safi na bei nzuri, lakini chanja ni gharama. Shangazi alinionyesha kupima: konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, mwaga taratibu, kinachobaki chini ndicho unachouziwa kama samaki. Rangi nayo inasema. Wanaong'aa kama fedha wamekauka kwa siku moja ya jua. Wenye unjano walinyeshewa, na wakizidi kuvunda wanaishia chakula cha kuku. Unapepeta ukiinamisha ungo kuelekea kwako, dagaa wanapanda, mchanga unateleza pembeni. Mara ya kwanza nilimwaga vyote.

Kufika saa 4 nilikuwa nimeshajua kwamba "adi" ni ngapi na "erokamano" ni ahsante, na kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa matobolwa, sijui nani aliiweka humo. Mama mmoja akasimama, akagonga gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa kucha.

"Adi?"

Nikamtajia bei ya mwenyeji, kwa Kiswahili. Akainua macho.

"Kwani wewe umetoka wapi?"

"Mwanza."

"Ai, Mwanza!" Akachota konzi, akaitikisa, akanionyesha kiganja. "Mbona basi omena yenu mnauzanga na mchanga?"

Niligeuka kumtafuta Shangazi anisaidie. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikachukua bakuli, nikaomba maji.