Kitwitwi wa Mida

Nimetoka Mida Creek sasa hivi, huku Watamu, pwani ya Kenya, tope bado magotini.

Maji yalikuwa yamekupwa, ndege wametapakaa wakidonoa. Tulipokaribia wakaruka wote.

Mmoja akabaki.

Kitwitwi, mdomo mrefu umepinda kidogo kwa chini. Wa aina hii huzaliana Siberia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Mguu wake ulikuwa umezongwa na uzi wa mshipi, ule wa nailoni.

Mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Mshike mabawa, mwanangu, usimbane kifua." Akaukata uzi taratibu kwa kisu chake cha kuparia samaki. Chini ya uzi ngozi ilikuwa nyeusi, na vidole havikunjuki. Ni mwepesi mno jamani, kama umeshika kitambaa kikavu. Na ndiye amevuka mabara!

Tulipomwachia alichechemea, akaruka. Sijui mguu utapona.

Hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda ndege hawa wasiwindwe. Naishukuru sana sheria. Nahisi bila ulinzi huo sehemu ya mikoko hii ingeshageuzwa viwanja. Lakini uzi uliotupwa unanasa usiku na mchana, na hauna wa kushtakiwa. Hilo linaniuma.

Natamani kila bandari ndogo iwe na pipa la nyuzi na nyavu kuukuu.

Mlio Lamu, Kipini, Malindi, Vanga: huko kwenu nyuzi zikikatika zinatupwa wapi? BMU zenu, vile vikundi vya kusimamia fuo na uvuvi, zimeshalizungumza hili? Niandikieni hapa.