Chupa ya uhai, chupa ya mana: ninavyopika dawa za gemu bila kuua rangi

Ushauri unaonichosha kuliko wote ni ule wa "tia majani yote sufuriani, chemsha nusu saa, chuja, kunywa". Ukiufuata unapata maji ya kahawia, machungu, yasiyofanana na dawa ya gemu lolote, yaani zile chupa za rangi ambazo mhusika wa gemu hunywa ili kurudisha nguvu. Tangu gemu la kompyuta la Diablo, la miaka ya 1990, watu wamezoea nyekundu ni uhai na buluu ni mana, yaani nguvu za uchawi. Rangi ni nusu ya starehe, na rangi za mimea zina masharti yake. Mimi napika kila moja peke yake, zinakutana kwenye glasi tu.

Nguvu kwanza, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Rosela, tangawizi na nanaa hazina kafeini. Kinachokuamsha ni chai. Kifuko kimoja cha chai nyeusi, gramu 2, hutoa kama miligramu 40 hadi 50. Naweka vifuko 4 kwa glasi 3, yaani 60 hivi kila glasi. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina 80.

Nyekundu: ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, itokote dakika 10 katika mililita 350 za maji. Zima moto, ndipo utie gramu 10 za rosela kavu pamoja na chai. Chai itoke baada ya dakika 5, rosela ifike 10. Chuja, koroga gramu 80 za sukari ingali moto. Sufuria iwe ya stenlesi. Alumini na chuma cha kawaida huliwa na asidi ya rosela, na rangi huvutwa kwenye zambarau chafu.

Buluu: maua 12 makavu ya Clitoria ternatea (mmea wenye maua ya buluu, kwa Kiingereza butterfly pea), mililita 250 za maji moto, dakika 5. Basi. Usitie chochote chenye unjano. Tangawizi huifanya ya kinamasi, asali ina rangi na asidi, chai nyeusi huimaliza kabisa. Ndiyo maana kafeini yote naificha kwenye nyekundu, ambako weusi wake hauonekani.

Sasa ujanja wenyewe, ambao sichoki kuurudia. Nyekundu yenye sukari ni nzito. Ikishapoa kabisa, mimina theluthi ya glasi, jaza barafu hadi juu, kisha buluu isiyo na sukari ipite juu ya mgongo wa kijiko, taratibu, ikigonga barafu. Inaelea! Pale zinapogusana, asidi ya rosela huigeuza buluu kuwa zambarau, kwa hiyo vimiminika viwili vinatoa tabaka tatu. Mkabidhi mgeni kipande cha limau akamulie mwenyewe: juu nako kunageuka zambarau akiwa anatazama. Akishamaliza kushangaa, akoroge, la sivyo atakunywa maji ya maua halafu sharubati. Tabaka zikivurugika tangu mwanzo, ama nyekundu ilikuwa na joto, ama kuna aliyepunguza sukari. Wanaoipunguza ndio hao hao wanaolalamika kwamba hazikai.

Kijani ina kanuni tofauti, kwani klorofili, rangi ya kijani ya majani, haipendi asidi wala moto mrefu. Kiganja cha nanaa mbichi kizame kwenye maji yanayochemka sekunde 15, kisha papo hapo kwenye maji ya barafu. Mchovyo huo huua vimeng'enya vinavyoyafanya majani kuwa kahawia. Saga kwenye blenda na mililita 300 za maji baridi, chuja kwa kitambaa. Ya kuamsha hutiwa nusu kijiko cha chai cha matcha (unga wa chai ya kijani), iliyokorogwa kwa maji ya nyuzi 80, si yanayochemka. Limau usithubutu, rangi itakuwa ya zeituni kuukuu.

Unga wa guarana, mbegu za mmea wa Amerika Kusini, siutumii: una kafeini nyingi, huacha chenga, na bila mizani ya gramu ndogo ndogo hujui umekunywa kiasi gani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku. Mjamzito 200 kwa siku. Rosela nayo inaweza kushusha presha, anayetumia dawa za presha amuulize daktari. Watoto wapikiwe bila chai wala matcha.

Nyekundu na buluu hukaa kwenye friji siku 3. Kijani inyweni siku hiyo hiyo.