Siku moja na droni Kolo: "Mkizipata rupia mtugawie"

Watu wakisikia nafanya kazi na picha za setilaiti wanajua niko Dodoma mjini, kiyoyozi, soda baridi. Haya.

Saa 11 alfajiri naamka, saa 12 tuko njiani, chai Kondoa mjini, saa 4 tuko Kolo kwa mwenyekiti wa kijiji na kibali cha kurusha droni, anakisoma mpaka muhuri.

Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, eneo lake kilomita za mraba 2,336, nani atalizunguka lote kwa miguu? Ndo maana tunategemea setilaiti ya Sentinel-2, inapiga picha kila baada ya siku 5 na ni za bure, ila nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10 ardhini, na michoro yenyewe iko chini ya mwamba, kutoka juu huioni hata ufanyeje. Tunachochungulia ni majirani zake: shamba jipya, tanuri la mkaa, njia ambayo mwezi jana haikuwepo. Safari hii kwenye picha kulikuwa na doa jeupe karibu na mwamba mmoja (siutaji, wachimbaji wa hazina nao wana simu).

Sasa droni iko juu, anatokea mzee mmoja. Shikamoo mzee. Marahaba, hicho kidege kinaona chini ya ardhi? Hapana mzee, juu tu. Sasa zile sarafu za rupia walizofukia Wajerumani mtazionaje? Mzee hatutafuti rupia. Akacheka, akakaa chini, akaniambia mkizipata mtugawie, halafu akaanza upya tangu vita vya Mjerumani, mimi jicho kwenye skrini, upepo unaisukuma droni, betri inaisha, jua la saa 7 utosini, na yeye kila ikigeuka ananyoosha kidole eti pale pale.

Tulipopanda kwa miguu, doa lilikuwa la mkaa, miti imeisha. Ila chini ya mwamba kuna shimo bichi, la haohao wanaochimba kutafuta rupia. Udongo ule una zana za mawe za watu wa kale kwa tabaka, ukishachanganywa basi, na vumbi lake linapanda kuganda kwenye michoro. Nilichoka ghafla.

Usiku huo bado napakia picha, intaneti inasuasua, mzee anapiga, namba kaipata kwa mwenyekiti. Namwambia tumekuta shimo.

"Lina kina gani?"